Siku ya Mechi Hakuna Rivasi

Kabla hajaniuliza jina langu, kocha aliniuliza kama naweza kuendesha gari siku nzima bila kupiga rivasi. Nilidhani ananipima akili. Nilikuwa nimesimama mbele ya ofisi ya klabu, shati nimelipiga pasi mpaka linasimama lenyewe, leseni mkononi, nikisubiri maswali ya barabara na spidi. Akanitazama kwa macho yake ya kijivu, akaonyesha nyuma ya bega lake kwa kidole gumba, kisha akatikisa kichwa. "Siku ya mechi," akasema kwa ule mchanganyiko wake wa Kiingereza na Kiarabu cha vibarua, "gari mbele tu. Nyuma mafi. Hakuna." Nikamjibu hamna shida, kocha. Dereva anayetafuta kazi Doha hujibu hamna shida hata akiambiwa aendeshe amefumba macho.

Alikuwa Mkroatia, mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, goti la kulia limekakamaa, kwa hiyo akipanda gari aliketi kwanza, kisha akauvuta ule mguu ndani kwa mikono miwili. Mimi ni mtu wa Tanga. Klabu ilikuwa ya mkiani mwa ligi, na kazi yangu ilikuwa kumtoa nyumbani kwake Al Wukair na kumrudisha. Nilifanya hivyo misimu miwili. Sikuajiriwa kumpenda. Hilo lilikuja lenyewe, na mpaka leo linaniudhi kidogo, maana ukishampenda bosi wako huwezi tena kulala vizuri timu yake inapofungwa.

Nyumba ile ilikuwa katika mtaa mpya wa kuta ndefu na viwanja vitupu vya mchanga, barabara nyembamba, tena kila wiki inachimbwa kwa ajili ya mabomba. Ukitokea barabara kuu, geti lilikuwa limekaa vibaya, huwezi kukata kona ukaingia mara moja. Siku za kawaida nililipita geti kidogo, nikatia rivasi, gari likaingia kinyumenyume huku likipiga ule mlio wake wa ti, ti, ti unaosikika mpaka jikoni. Siku ya mechi nilizunguka mtaa mzima, nikapita msikitini, nikapita duka la mikate, nikatokea upande wa pili ambako geti linakatika vizuri, nikaingia kwa pua, kimya. Hata tukiwa tumefungwa. Sheria ilikuwa mpaka injini izimwe.

Jikoni alikuwapo dada mmoja Mkenya, mpishi na mwangalizi wa nyumba, mcha Mungu, ulimi haujui kupumzika. Nilimtania kwamba nyumba ile ina mabeki tatu wawili, kwa sababu kwetu mfanyakazi wa ndani huitwa beki tatu, na kocha naye enzi zake alikuwa beki wa kushoto, namba tatu mgongoni. Hakucheka.

"Mimi ni housekeeper, Mtz," akaniambia. "Niite hivyo tena uone kama utakula hapa."

Nikaacha. Chapati zake hazikuwa za kuchezea.

Kilichotuunganisha mimi naye ni joto. Kocha hakuogopa washambuliaji wala matajiri wa klabu, lakini aliogopa upepo wa shingoni. Kwao, alisema, upepo unaopita chumbani hupinda shingo, hutia homa, na mama yake alimfundisha kuukimbia kabla hajamfundisha kuvuka barabara. Sasa fikiria mtu huyo Doha, ambako maisha yote ni kiyoyozi. Kwenye gari alikubali ubaridi wa miguuni tu, tena kidogo, na skafu shingoni. Mimi niliendesha na taulo begani. Nyumbani vilizimwa vyote. "Aki humu ndani nitaiva kama githeri," dada alilalamika. Kocha akikata kona tu, dada aliwasha viyoyozi vya nyumba nzima akasimama chini ya kimojawapo mikono juu. Akisikia tunarudi, alivizima mbio.

Maisha ya kocha niliyasikia vipandevipande kwenye mataa. Baba yake alikuwa mchomeleaji kwenye karakana ya meli, na watoto wa mtaa walicheza kwenye sakafu ya saruji iliyopakana na maji. Sheria yao ilikuwa moja: anayepiga mpira ukaenda majini, anaingia mwenyewe kuufuata, iwe kiangazi, iwe baridi ya kuvunja mifupa. Ndiyo maana, alisema, alijua kupiga mpira wa chini kabla hajajua kusoma. Mpira huo wa chini ulimtoa kwao ukampeleka Ujerumani. Vita vilipofika kwao alikuwa huko, Jumamosi anacheza, Jumapili anakaa kando ya simu akingoja kujua kama nyumba ya baba yake bado ina paa.

Kisha goti. Siku alipoumia, basi la timu lilikosea geti la uwanja, dereva akapiga rivasi, na kabla ya mapumziko mtu akamwangukia mguuni. Alicheza tena, lakini hakuwa yule. Akawa kocha. Alifundisha Ulaya, akafundisha Kuwait, Iran, sijui wapi tena, na kote huko alifukuzwa. Alisimulia kufukuzwa kwake kama watu wengine wanavyosimulia utalii. Pale walinifukuza kwa simu. Pale niliona kwenye televisheni ya hotelini. Pale nilimkuta kocha mpya kwenye kiti changu, anakunywa kahawa yangu. Tulicheka sana. Lakini alikuja na masanduku mawili, na moja hakulifungua kamwe. Dada alinionyesha siku moja, limesimama nyuma ya mlango wa chumba.

"Huyu mtu hajawahi fika mahali," akasema.

Mimi ni Mwislamu, mambo ya nuksi nilifundishwa kuyakataa, na nilimwambia hivyo waziwazi mwanzo wa kazi. Akanijibu kwamba yeye ni Mkatoliki na kwake pia ni dhambi, na tusirudi nyuma. Nikatii shingo upande. Tukashinda mechi hiyo, tukashinda na iliyofuata, na mkono wangu ukaanza wenyewe kuiogopa ile gia.

Mwisho wa msimu wa pili tulifika pabaya. Ilibaki mechi moja. Sare ingetosha kutubakiza ligi kuu. Tukifungwa tunashuka daraja, na matajiri wa klabu walishamwambia kwamba timu ikishuka, yeye anaondoka. Kwa mtu wa umri wake hilo halikuwa kufukuzwa kama kule kwingine. Klabu nyingine zilishaacha kumpigia simu. "Sadiki," aliniambia wiki ile, maana ndivyo alivyoniita, rafiki, "baada ya hapa hakuna pengine. Baada ya hapa ni kukaa nyumbani na mke aliyenizoea kwa simu tu." Alisema huku akicheka. Nilimtazama kwenye kioo, na macho hayakuwa yanacheka.

Asubuhi ya mechi nyumba nzima ilikuwa roho juu. Dada alikuwa amefunga na kuomba kwa imani yake, mimi nilikuwa nimemtaja mzee kwenye dua zangu, na mzee mwenyewe alikunywa kahawa amesimama. Nikamuuliza dada kama atatazama kwenye simu.

"Zi. Hiyo game siwezi tazama, nitazimia hapa," akasema. "Nitawasikia tu mkirudi."

Wachezaji walikuwa hotelini Al Sadd. Desturi ilikuwa wale chakula cha mchana, kocha azungumze nao, kisha basi liwapeleke uwanjani. Mazungumzo hayo hakuwahi kumwachia msaidizi. Tukatoka mapema, pua ya gari nimeielekeza nje tangu jana yake. Nikakata kuelekea barabara kuu, na palepale boza la maji lililokuwa likiingia mtaani likateleza kwenye ukingo wa mtaro wa mabomba. Gurudumu la mbele likazama. Boza likainama, likaziba njia yote mbele yetu.

Nikasimamisha gari. Kulia ukuta. Nyuma yetu barabara nyeupe kabisa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angepiga rivasi mpaka getini, akageuza, akatokea upande wa msikitini. Nikatazama kioo. Kocha alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili.

"Sadiki," akasema polepole. "Nyuma mafi."

Dereva wa boza, Mpakistani mwenye ndevu za hina, alikuwa ameshuka na simu sikioni, anatupungia mkono: mafi mushkila, hamna shida, kreni inakuja. Hapa mtu akikuambia mafi mushkila ujue mambo yameshaharibika. Simu ya kocha ikaita. Alikuwa meneja wa timu, akisema wachezaji wanaelekea mezani, uko wapi? Kocha akajibu yuko njiani. Baada ya muda ikaita tena, na safari hii hakuipokea.

Kushoto kulikuwa na kiwanja kitupu, mchanga mtupu, na ng'ambo yake lami ya mtaa wa pili. Gari letu lilikuwa la mjini, si la jangwani. Nikashuka, nikapunguza upepo wa matairi yote kama wafanyavyo wenyeji wakienda kwenye vilima vya mchanga, jua linanichoma kisogoni. Nilimkasirikia dereva wa boza, nikamkasirikia aliyechimba mtaro, nikamkasirikia mzee na goti lake. Nikarudi kwenye usukani, nikapanda ukingo, tukaingia mchangani.

Tulifika katikati. Usukani ukawa mzito, injini ikaguna, gari likakaa. Nikakanyaga mafuta, matairi yakajichimbia. Dawa yake kila dereva wa Ghuba anaijua: unarudi nyuma kidogo kwenye alama zako mwenyewe, halafu unachomoka. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye gia.

"Hapana," akasema.

Hapo nikapasuka. Nikamgeukia nikamfokea kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu hakitoshi hasira zangu. "Mzee, utapoteza kazi kwa ajili ya uchawi! Wachezaji wanakungoja kule, wewe unaogopa gia! Hiki ni chuma tu! Chuma!" Nikaipiga ile gia kwa kiganja. Hakuelewa neno hata moja, na alielewa yote. Alifungua mlango, akautoa mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akasimama mchangani na suti yake ya mechi na viatu vya ngozi, akaenda nyuma ya gari akainama.

Nilimwona kwenye kioo, mtu wa rika la baba yangu, mabega ameyaegemeza kwenye buti, anasukuma gari lisilosogea. Nikaona haya, na hasira bado hazijaisha.

Dada alikuwa akituchungulia kutoka getini. Alikuja mbio na zulia la sebuleni begani. "Nyoosha hiyo steering, Mtz!" akanipigia kelele. "Nyoosha! Wewe ni dereva wa wapi?" Akalitandika zulia mbele ya magurudumu, akalisokomeza chini yake kwa mikono, kisha akaenda nyuma akasimama kando ya kocha. Dereva wa boza naye akatia simu mfukoni akaja. Huyo akasema yalla, dada akaita Yesu, mimi nikasema bismillahi, na kocha sijui alimwita nani kwa Kikroatia. Nikakanyaga taratibu. Zulia likashika. Gari likanyanyuka likaenda mbele, na sikuthubutu kusimama mpaka matairi yakagusa lami.

Ikabidi kocha avuke kiwanja kwa miguu. Alikuja akichechemea, suruali imejaa vumbi mpaka mapajani, skafu imefunguka, na anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka siku ya mechi. Aliketi, akamimina mchanga wa kiatuni nje ya mlango, akanigonga begani. "Hatukurudi," akasema. "Umeona? Hatukurudi." Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni niliona tumeshashinda.

Niliendesha mpaka Al Sadd na matairi laini, pole pole kwenye njia ya kulia, madereva wa mjini wananipigia honi kama nimewaibia. Tulifika wachezaji wakimenya machungwa. Alizungumza nao akiwa na vumbi lile lile kwenye suruali. Nikiwa nje ya mlango nilisikia kicheko, kisha kimya kirefu, kisha makofi. Nikaenda kituo cha mafuta kujaza upepo nikiwa na furaha ya kijinga.

Mechi ilianza alasiri, na nilipata nafasi jukwaani juu ya benchi lake. Mpaka mapumziko hakuna bao. Kipindi cha pili wakatubana hata tukawa hatutoki kwetu. Kocha alitembea kwenye mstari wake, kiganja kinapapasa hewa karibu na goti: chini, chini, mpira wa chini. Nilitazama saa ya uwanja mpaka nikajikataza, kisha nikaitazama tena. Midomo ilinikauka. Jamaa mmoja kando yangu aliniuliza kama naumwa.

Zilibaki dakika za nyongeza tu. Beki wetu wa kushoto akaupata mpira karibu na kibendera chetu. Angeweza kuutoa nje, angeweza kumpasia mwenzake kwa chini. Woga ukamshika, akaupiga juu. Ulipanda, ukakaa huko muda ambao sitausahau, ukashukia mbele ya lango letu kwenye kichwa cha mtu wao. Sikuuona ukiingia, maana nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia upande wao wa jukwaa.

Filimbi ya mwisho ilipolia, yule beki alikuwa amelala kifudifudi na hakuna aliyemsogelea. Kocha aliingia uwanjani, akampita, akachechemea mpaka nyuma ya lango ambako mpira ulikuwa umebingirika, akauokota, akarudi nao kwapani akaketi kwenye majani kando yake. Kwao anayeupiga ndiye anayeufuata. Siku hiyo aliufuata yeye.

Njiani kurudi kiyoyozi nilikizima chote bila kuambiwa. Taa za barabarani zilikuwa ndiyo zinawaka na adhana ya magharibi inalia simu yake ilipoita. Alisikiliza. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Shukran." Akailaza simu kitini, uso chini.

"Kwa simu," akaniambia. "Lakini hawa walikuwa na adabu."

Mtaani boza lilikuwa limeshaondolewa. Kwenye kiwanja alama za matairi yetu bado zilionekana, zimeingia upande huu na kutokea upande ule. Nikalipita geti, nikaendelea kuelekea msikitini.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Nazunguka, kocha. Siku ya mechi bado haijaisha."

Akanyoosha mkono, akaniwekea begani, mzito.

"Khalas, sadiki. Imekwisha. Rudi nyuma tu."

Nilisimama katikati ya barabara. Mimi niliyeipiga ile gia mchana nikiiita chuma, sasa mkono ulikataa kuigusa. Nilimtazama kwenye kioo nikitumaini atabadili mawazo. Alikuwa anatazama nje, kwenye kile kiwanja, na skafu ameivua ameikunja magotini. Hakunihimiza. Nikaivuta gia, ikaingia.

Ti, ti, ti.

Nilirudi taratibu kuliko nilivyowahi kurudi, machozi yananitoka, na kioo sikuweza kukiona vizuri. Dada alikuwa amesimama mlango wa jikoni, unga mikononi, uso una tumaini, maana alishasikia gari likilipita geti kwenda kuzunguka kama siku zote za mechi. Ule mlio ulipoanza, uso ukamshuka. Alituangalia tukiingia kinyumenyume mpaka nikafunga breki. Hakuuliza matokeo. Akageuka akaingia ndani, na kabla kocha hajautoa mguu wake nje tulivisikia viyoyozi vya nyumba nzima vikizimwa, kimoja kimoja, ili mzee asije akapigwa na upepo.